Nimemsomea Baba Mkwe Tisa

Mwenzangu, uko wapi? Nimemdanganya baba mkwe mchana kweupe!

Mimi na mama mkwe tulimsindikiza kununua fimbo ya gofu, ile kubwa ya mpigo wa kwanza. Muuzaji akamwambia kwa adabu, "Mzee, chukua yenye mpini laini, na kichwa chenye uso uliolala nyuzi kumi na mbili, mpira upae." Baba akamkata kauli: "Laini ni ya wazee! Nipe mpini mgumu, nyuzi tisa!"

Akapiga na hiyo ngumu yake kwenye wavu wa majaribio mle dukani. Mpira ukatambaa chini kama unatafuta sindano. Akapiga tena. Ukatambaa tena!

Basi nikampenyezea ile laini, ya kumi na mbili. Zinafanana kama mapacha. Akaigeuza, akakodoa macho, miwani ya kusomea kaisahau nyumbani. "Hebu nisomee, mwanangu. Imeandikwa ngapi?"

Nikasema tisa.

TISA! Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma.

Akapiga. Mpira ukapaa ukagonga wavu juu kabisa, duka zima likageuka. "Mnaona? Hiyo ndiyo ngumu!" Muuzaji akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Fimbo imenunuliwa. Sasa hivi tuko garini, baba anaendesha huku anapiga mluzi. Mama mkwe kanisogelea sikioni, nikajua nimekwisha.

"Tulia, mwanangu. Mpira ukishapaa, hasomi tena. Mimi shati zake zote nazikata lebo ya saizi kabla hajaziona. Mpaka leo anajiona ni yule yule bwana harusi."