Mbunge Asiyeingia Kwao

Kendughat mjini,
14 Januari 2004

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Na goti lake? Baba mkubwa Doka bado anafokea kila anayepita? Mimi ni mzima wa mwili.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Tangu baraza la kijiji linitenge kwa kuolewa na Girdhari, mtu wa nje, sikuthubutu kuandika. Leo nimejikaza, maana kuna neno.

Girdhari anataka nigombee ubunge. Sababu unaijua. Kiti cha Kendughat kimetengwa kwa ajili yetu watu wa makabila ya asili, na yeye, pamoja na ukandarasi wake wote, haruhusiwi kukigombea. Ndipo amekumbuka kwamba ana mke Mmunda, mtu wa kabila lenye haki hiyo. Mke mkubwa ni wa kwao, hafai. Ninayefaa ni mimi. Usidhani sioni, Baba. Naona sana.

Lakini na mimi nina langu. Nikishinda, nikawasaidia, je, baraza litanirudisha? Sitaki shangwe. Nataka kuingia uani kwetu, nikae jikoni na Mama, nile chungu kimoja na ninyi. Niulizie kwa Baba mkubwa, tafadhali.

Mwanao,
Somari


Sarjomtoli,
2 Februari 2004

Somari, mama yangu,

Marahaba. Tupo, tunakohoa tu na hii baridi. Goti la mama yako linauma akitumwa, akialikwa harusini limepona. Nilipomsomea barua yako alilia, akajifuta, akasema, "Mwambie huyo mheshimiwa wali tu ulikuwa unamshinda, nchi ataiweza?" Ujue amefurahi.

Sasa hicho kiti. Mimi nimekipigia kura tangu nina ndevu mbili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Paulus. Alikuja kwa miguu, akalala kwenye mkeka wetu, akaenda bungeni kuomba kisima kimoja. Kisima kilichimbwa yeye akiwa ameshakufa. Akafuata Bandhu, aliyeomba kura kwa baiskeli, na alipopata gari akasahau njia ya huku. Halafu wakaja wale wa matajiri wa mbao. Matajiri wanamtafuta mpole mmoja wa kwetu, wanamvisha shati jeupe, sisi tunampa kura kwa kuwa ni wa kwetu, na hatumwoni tena mpaka shati jingine. Uchaguzi baada ya uchaguzi, kiti chetu, mtu wetu, na hatupati kitu. Sikwambii haya kukukatisha tamaa. Haya, labda kidogo.

Baraza lilikaa. Kaka yangu Doka, kama mkuu wa kijiji, akasema, "Kura tutampa, ni damu yetu. Kura ni kitu cha serikali. Lakini nyumba ni ya wazee waliotangulia, hiyo hatuna ruhusa ya kuigawa." Nikamng'ang'ania mpaka akachoka. Akasema wenye machimbo ya mawe wanakitaka kilima chetu, kile chenye msitu wa matambiko. Somari akikiokoa, tutachinja, tutakula naye, atarudi nyumbani. Alilisema mbele ya watu wote.

Kwa hiyo gombea, mama. Gombea kwa nguvu zako zote.

Baba yako,
Lodro


Mji mkuu,
20 Mei 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia. Habari za kazi ya shamba? Mdogo wangu Mangra amepona homa?

Nimeapishwa, Baba! Nilisoma karatasi ya kiapo mpaka mwisho. Wananiita mheshimiwa, nageuka kumtafuta anayeitwa.

Lakini siku ile nilipokuja kuomba kura haijanitoka. Mlinipigia ngoma, wasichana wakanichezea uwanjani, Baba mkubwa akanivisha shada. Kila mgeni akija kwetu huoshwa miguu na kupewa maji kwenye chombo cha shaba. Mimi nilipewa kwenye kikombe cha majani, cha kunywea na kutupa, nikanywa nimesimama. Mama alikuwa mlangoni na mimi nikiwa njiani, na kati yetu hapakuwa na chochote cha kutuzuia. Hakuna aliyesogea. Kisha kijiji kizima kikaenda kunipigia kura.

Sikulaumu. Kilima nitakisemea. Umenisikia? Nitakisemea mpaka waniote.

Mwanao,
Somari


Sarjomtoli,
9 Agosti 2005

Mwanangu Somari,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua imekuja vizuri, mpunga umeshika. Mama yako anakula, hanenepi. Natumaini hujambo.

Mama, kuna mashine kilimani. Zilifika Jumatatu, zikaanza upande wa mashariki. Tulikwenda sote na ngoma na mapanga. Msimamizi, kijana mmoja wa mjini, hata hakuogopa, alitucheka. Akasema, "Wazee, mnamfukuza nani? Kampuni ni ya Girdhari. Na mbunge wenu mwenyewe amekubali."

Doka alinitazama. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Niambie si kweli. Andika mstari mmoja tu, nitausoma barazani kwa sauti.

Baba yako,
Lodro


Mji mkuu,
3 Septemba 2005

Baba,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za huko, maana nimeshaambiwa.

Ni kweli. Girdhari huniletea makaratasi kila jioni, rundo zima, na yeye amesimama nyuma yangu. Nilipoliona jina la kilima nikasema hili hapana. Akauliza kwa upole kabisa, "Nani alikuweka hapo?" Nikasaini. Nilijiambia bungeni nitalipinga, na kule hawezi kusimama nyuma yangu.

Siku yangu ilifika. Nikaitwa jina, nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, kijijini kwetu kuna kilima..." Mkuu wa chama chetu akageuka, akanionyesha kwa mkono nikae. Hakukasirika. Alifanya kama mtu anayemkalisha mtoto mezani. Na mimi nikakaa, Baba. Miguu yenyewe ilikaa. Wakamwita mwingine, akazungumzia bei ya mbolea.

Nipigeni, nitukaneni, mna haki. Ila usinyamaze.

Somari


Kendughat mjini,
11 Novemba 2008

Baba yangu,

Shikamoo. Miaka mitatu naandika, hujibu. Sijui kama barua zinakufika au mnaziwashia moto wa jikoni. Natumaini Mama yuko hai. Mtu angeniambia, sivyo?

Huenda umesikia. Mipaka ya majimbo imechorwa upya. Wametuongezea kata za mjini, vijiji vyetu vingine vikakatwa vikapelekwa kwingine, na kiti cha Kendughat hakijatengwa tena. Sasa yeyote anagombea. Girdhari anagombea mwenyewe. Mabango yameshabandikwa, na aliye pembeni yake kwenye picha ni mke mkubwa.

Mimi nimehamishiwa chumba kilicho nyuma ya ghala la saruji. Sijapigwa wala sijafukuzwa. Chakula naletewa. Mimi ni kama shati lililochanika, hakuna anayelichukia.

Sina cha kuwapa, Baba. Kilima kimeliwa, na ni mkono wangu uliosaini. Siombi kwa kuwa nimestahili. Naomba kwa kuwa sina pengine. Nirudi nyumbani? Nitalala zizini mkitaka. Muulize Baba mkubwa kwa mara ya mwisho.

Mwanao,
Somari


Sarjomtoli,
6 Desemba 2008

Somari, mwanangu,

Mama yako yu hai. Mimi pia. Barua zako zote zilifika, na zote zipo, ziko chini ya mchele. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa na hasira, na hasira ikiisha naona aibu kwamba nilikuwa na hasira.

Baraza lilikaa jana. Doka amezeeka, lakini aliuliza kila nyumba, mmoja mmoja, kama ilivyo kwetu. Watu walewale waliokuchezea ngoma. Wengine walisema hapana kwa sababu ya kilima. Wengine walisema hata kilima kisingeguswa bado wangesema hapana, maana umekula kwa mtu wa nje na wazee waliotangulia hawatakujua. Walisema kwa huruma, mama. Hakuna aliyekutukana. Hata jirani yetu Jagni alikuwa analia.

Mangra ameposa kijiji cha Surumtoli, harusi ni Februari. Nyumba ikipinga neno la baraza inatengwa nayo, na hakuna atakayetupa mke wala kutubebea maiti. Zamu yangu ilipofika wote walinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilikuwa na maneno mazuri. Nikasema, "Kama walivyosema wenzangu."

Nimerudi nyumbani, mama yako akanisoma usoni, akamwaga pombe ya mchele yote aliyoitayarisha kwa ajili yako. Hajasema nami tangu jana. Asubuhi hii tu amesimama hapa nilipokaa nikiandika, akasema, "Muulize chumba hicho kama kina dirisha."

Usije. Ukija wataniita mimi nikurudishe njiani, na nitakurudisha, ndivyo nilivyo. Lakini barua baraza halikuzitaja. Nilingoja mpaka mwisho nisikie kama watazikataza, hawakuzitaja.

Andika. Kina dirisha?

Baba yako,
Lodro