Petro na Mama Mkwe Wake Wamefika Malaba

S.L.P. Malaba,
9 Septemba 1974

Mpendwa mwanangu Olinga,

Yoga noi, wewe uliyemezwa na Mombasa. U mzima? Joto halijakuyeyusha? Sisi huku tunashukuru. Mama yako mkubwa Zilpa anakohoa kidogo, lakini akianza kunigombeza kikohozi kinampisha. Wimbi shambani limekubali.

Ulisikia Dada Birgit alitoka Uswidi kuja kufundisha watoto wetu hadithi za Biblia mpaka Krismasi. Mkalimani wake ni mimi, mtu wa darasa la tatu. Usicheke. Yeye anasema Kiswahili cha kitabuni, mimi nakigeuza Kiteso na kutia chumvi. Yona nilisema alimezwa na mumi, kambare wa mtoni, maana nyangumi huku nani amemwona?

Sasa sikia taabu. Dada ana ubao uliovikwa kitambaa cha manyoya, anabandika watu wa karatasi na wanashika bila gundi. Jumapili moja akabandika nyumba ya Petro. Ndani mama mkwe amelala na homa. Kando ya kitanda ni nani? Petro mwenyewe, amemwinamia. Watoto wakafunika macho, wengine wakatoka mbio. Dada akaniuliza, "Mzee, wameogopa ugonjwa?"

"Hapana, Dada. Wameogopa adabu za Petro."

Jioni mwanao Akol akamsimulia mama yake, mkeo Apolot, kwamba mtume alikaa chumba kimoja na mama wa mke wake. Apolot akasema dini ya namna hiyo haitaingia kwake, akawazuia watoto. Majirani wakamfuata. Jumapili iliyopita kanisani mbuzi wangu walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Dada anasema watoto wasiporudi, atahamia Amagoro na ubao wake. Huo ubao hautoki Malaba, labda utoke na mimi nimebandikwa juu yake.

Basi nikamtoa Petro kitandani, nikambandika nje nyuma ya nyumba. Dada akakataa, "Kitabu kinasema waliingia nyumbani."

"Soma tena. Kinasema Petro alisimama kitandani?"

Akasoma, akarudia. Kinasema tu walimwambia Yesu habari za mgonjwa. Akamwacha Petro nje.

Nikaagiza akina mama waje waone. Apolot alikuja, akasimama mlangoni akinipa kisogo kama inavyotakiwa. Akauambia ukuta, "Ukuta, muulize mzee, huyo mama alipopona akawahudumia wageni, Petro alikula wapi?"

Nami nikaujibu ukuta, "Nje."

Dada, ambaye hakufundishwa kunyamaza, akasema, "Hilo Kitabu hakijasema." Apolot akakaza leso yake, akaenda.

Mwanangu, mimi ni baba mkwe wake. Nacheka mengi lakini hilo silivunji. Siwezi kwenda kwake kubishana, na ukuta umechoka kutumwa. Anayeweza kusema naye ni wewe peke yako.

Juzi nikipita nje ya ua wenu nilimsikia Akol. Ametundika blanketi kwenye kamba, anabandika majani ya maboga, yanashika kwa vinyweleo vyake. Jani kubwa ni Goliathi. Anawafundisha wadogo zake, na sauti ameishusha ili mama yake asisikie. Mtoto hafai kuficha Goliathi.

Kwa hiyo mwandikie Apolot juma hili, usingoje likizo. Mwambie adabu ya mkwe hapa kwetu haijaguswa, mzee Ikapel anailinda. Mimi Jumapili nitafungua mlango wa kanisa, hata kama ni kwa mbuzi, na Jumapili ya pili vilevile. Petro alisimama nje, lakini habari za mgonjwa zilimfikia Yesu. Nawe uko nje, huko Mombasa. Sema.

Nisalimie mwenzako Lazarus, na yule Mama Ziada anayewauzia chapati. Zilpa anakusalimu, na Okiror jirani anauliza kama bahari kweli ina chumvi au mnatudanganya.

Mungu akutangulie kazini na akulaze salama.

Wako akupendaye, na asiyekuacha mpaka ujibu,

Baba yako mkubwa,
Ikapel