Viumbe Wasioitika

Jumanne usiku, Malaba

Mihogo yote imelowa. Niliianika uani asubuhi, nikavuka mpaka kwenda Uganda sokoni na mtoto wetu Ekisa mgongoni, nikijua mume wangu yuko nyumbani. Mvua ilipokaribia, jirani yetu Mama Auma aliita kutoka kwa geti, "Baba Ekisa, uko? Anua mihogo!" Hakuna aliyeitika. Akadhani nyumba haina mtu.

Alikuwa ndani, macho kwa simu, na alisikia vizuri. Siku hizi anafunga kuongea mpaka jua lizame. Ndivyo anavyofundishwa na yule jamaa wa mtandaoni anayewaambia wanaume waoge maji baridi, watafute pesa na wasijieleze kwa mtu.

Wakati wa kula ndipo alipofungua mdomo. Ati huko kwa nyota kuna viumbe waliotuacha mbali sana, wamelifunika jua lao lote kwa mitambo wakavuna nguvu zake. Hatuwasikii kwa sababu mshindi hapigi kelele.

"Na mihogo?" nikauliza.

"Wewe unafikiria vitu vidogo, Mama Ekisa."

Sikukasirika hata. Unga tutanunua. Ila siku moja Mama Auma ataita kwa sababu mtoto ameanguka, na huyu atakuwa hapo ndani...

Nimeosha vyombo nikiwawaza hao viumbe wake. Labda hawakushinda chochote. Labda kila mmoja alikaa tu ndani kwake, akisikia anaitwa.