Jina la Mwenye Nyumba

Mwanangu Blandina,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nalia tu. Mbuzi amezaa mapacha. Hapa Same mvua bado, hata milimani haijashuka.

Kile kiboksi cha intaneti ulichotununulia, ili baba yako auone uso wako kabla hajaondoka, fundi alikifunga kwenye waya wa simu. Akafungua ukurasa wake kwenye kompyuta, akauliza, "Mama, tukipe jina gani?" Nikadhani anataka jina la mwenye nyumba, kama balozi wa nyumba kumi anavyotuandikisha. Nikasema la baba yako, Melkizedeki. Akacheka, akaandika. Ila taa ilibaki nyekundu, kumbe kampuni haijafungua laini. Baba yako alikuwa akiitazama toka kitandani. "Bado?" Namwambia, bado baba.

Iligeuka kijani siku tuliyomzika, watu wamejaa uani. Jirani yetu Koleta alikuwa akitafuta intaneti kwenye simu yake, akaona lile jina, akapiga kelele: "Mama Blandina, marehemu yumo kwenye simu yangu!"

Jana fundi alikuja kufungua ule ukurasa abadilishe jina. Nimemwambia aache. Ukija, washa simu yako ukifika mlangoni. Baba yako atakupokea kwanza.

Kula mwanangu, baridi ya huko isikuumize.

Ni mimi mama yako, nyumba imekuwa kubwa.