Paka Aliyefukia Chakula cha Mume Wangu

Mpendwa Bibi Mastura, naomba unisaidie kabla sijarudishwa kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba mjini, babu yangu alitoka pwani, na huu ni mwaka wa pili tangu niolewe huku Kagoma na Saburi, mume mpole kabisa, tunakaa kibanja kimoja cha migomba, kila mtu na nyumba yake, na mama yake, Ma Kokubanza, na tulikuwa tukipatana vizuri mpaka siku mama mkwe aliponitembelea akamkuta paka wangu anakula sato niliyompikia Saburi, maana huwa nampakulia paka kwanza asinisumbue, basi paka akala nusu, akaanza kuparura nyasi zilizotandikwa sakafuni, si unajua huku nyumba zote zinatandikwa nyasi, akazivuta kwa mguu mpaka sahani ikafunikwa yote, na mama mkwe akasema, "Mukamwana, paka anazika chakula chako! Umetia nini humo?" nami kwa mshtuko nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

Tangu hapo Saburi anakula kwa mama yake. Lakini Bibi, kuna jambo sijamwambia mtu. Paka aliendelea kufanya vilevile kila siku, nikimpa dagaa anafukia, nikimpa maziwa anafukia, nikaona ananichongea, basi siku ya gulio nikamtia kikapuni nikampa Byabato, mvuvi anayeleta samaki kutoka Bumbire, akaenda naye kisiwani, nami nikadai amepotea, na sasa mama mkwe anawaambia majirani kwamba nimemuua shahidi, na mwezi ujao wazee wa ukoo watakaa kunijadili. Nampenda mume wangu. Kila jioni husimama mlangoni pangu akauliza, "Umepika nini leo?" Nikimjibu, huguna akaenda zake. Nifanyeje?

Mwamvita, Kagoma, Machi 1955

JIBU

Mwamvita mwanangu, pole, tena pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nimefuga paka miaka thelathini. Paka akishiba na chakula kikabaki, hukifukia ili mnyama mwingine asinuse akaja kukila. Ni tabia aliyozaliwa nayo. Wa kwangu, wakati naandika haya, amekunywa nusu ya maziwa yake na anaparura saruji tupu, hakuna udongo wala jani, wala hajali. Mjini ulikokulia paka walifanya hivyohivyo, ila kwenye saruji hakuna kinachofunikwa, kwa hiyo hukutazama. Huko Kagoma amepata nyasi, kazi yake ikaonekana. Kwa hiyo mama mkwe hakusema uongo. Aliona kweli sahani inafunikwa, akaogopa kwa ajili ya mwanawe. Usimchukie kwa hilo.

Lakini wewe! Huna kosa, halafu unamsafirisha paka kwa mtumbwi na kudanganya watu? Nani amekushauri? Umejitia hatiani kwa mikono yako mwenyewe. Huyo paka ndiye angekusafisha.

Siku ya gulio mtafute Byabato, mwambie akurudishie paka wako, na safari hii usimfiche mtu kikapu. Nenda nacho moja kwa moja kwa Ma Kokubanza, piga magoti kama mkamwana, useme, "Mama, nilimpeleka Bumbire kwa woga, nisamehe." Atafoka. Mwache afoke. Akimaliza, mwombe apike yeye, kwa mkono wake, kwenye chungu chake, ampakulie paka sahani ya kujaa, juu ya nyasi zake, na Saburi awepo. Wewe kaa mbali, usiguse hata kijiko. Paka atakula, atashiba, atafukia chakula cha mama mkwe vilevile. Hapo, tafadhali, usicheke! Na kuanzia siku hiyo mpakulie kidogo, asibakize.

Kuhusu Saburi, umeandika jambo kubwa ukalipitia kama si kitu. Mwanamume anayeamini mkewe anamtilia kitu chakulani hasimami mlangoni kila jioni kuuliza amepika nini. Huyo ana njaa ya nyumba yake, hajui tu aingie vipi. Leo akiuliza, usimjibu. Pakua sahani moja, kaa chini, anza kula wewe mbele yake, halafu umsogezee.