Swali Ambalo Sikukuuliza

Mama,

Naamini Bwana amekupumzisha. Sisi hapa Murera tuko, kwa neema yake. Mvua ya El Nino ilibomoa choo na kubeba ile migomba ya chini, lakini nyumba yako imesimama. Dada yangu Wanjiru ndiye analala humo siku hizi.

Kuna jambo limenikaa. Ni ile siku nilikupeleka Thika kwa yule mama wa fizio, mtaalamu wa viungo, ambaye hata madaktari walikuwa wakimpelekea watu wa mgongo na magoti awapime. Alikulaza, akainua mguu mmoja, kisha mwingine, akakubonyeza mgongo mzima, akagonga goti kwa kinyundo. Ukaniambia kwa Kikuyu, "Mwambie mimi si mbuzi wa soko. Kama hanunui, aniachilie." Nikacheka, naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kiswahili hukukijua, kwa hivyo kila neno lilipitia kwangu. Aliuliza maumivu yalianza lini, nikakuuliza. Aliuliza kama miguu inakufa ganzi, nikakuuliza. Kisha akasema, "Muulize kama mkojo unamtoka bila yeye kujua."

Mama, mimi mtu wa miaka arobaini na tatu, mzee wa kanisa, nilishindwa. Mwanamume amuulize mama yake maneno hayo? Na wewe unaniangalia, unangoja. Nikakuuliza kama unalala vizuri. Ukasema unalala. Nikamgeukia nikamwambia, "Anasema hapana." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akaandika.

Alikupa mazoezi na tarehe ya kurudi. Kabla haijafika, miguu ilikuwa imekataa kabisa. Kule Nairobi walituambia kuna kitu kilikuwa kinafinya mishipa ya fahamu mgongoni, na kwamba kingejulikana mapema pengine ungetembea. Pengine. Hilo neno naamka nalo.

Baadaye Wanjiru akaniambia ulikuwa ukiamka kabla ya watu wote unafua shuka, na ulimkataza asiseme. Kumbe wewe ulikuwa unanionea haya, mimi nakuonea haya, na katikati yetu ameketi mtu aliyetaka kukusaidia.

Ubaya wangu haukuishia hapo. Siku ya kukuzika, mjomba alisimama akasema yule mwanamke wa Thika ndiye alikuharibu na mazoezi yake. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika Biblia, nikanyamaza. Mpaka leo watu wa huku hawaendi kwake. Jirani yetu Nyambura anatembea ameinama kama anatafuta sindano, na akiambiwa aende Thika anasema, "Nikafanywe kama mamake Njoroge?"

Kwa Mungu nimeungama, tena mara nyingi. Kwa watu bado.

Jumamosi ukoo unakutana kwa mjomba. Nitasimama niwaambie nilichofanya. Itabidi nitaje hata mambo ya shuka mbele ya wanaume, na hilo naomba unisamehe mapema. Jumatatu nitaenda Thika nimwambie yule mama mwenyewe, uso kwa uso, na Nyambura akikubali nitampeleka. Wanjiru ndiye ataingia naye, mwanamke kwa mwanamke.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, mimi nitangoja nje.

Mwanao,
Njoroge