Njia ya Kulipia Maji Ukiwa Mbali, na Bili ya Nyumba Na. 9

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA WATUMIAJI MAJI, MTAA WA TANGI LA JUU, KASHAULILI, MPANDA

TAREHE: Jumapili, 18 Oktoba 1998
MAHALI: Uani kwa Mwenyekiti, nyumba Na. 4
MUDA: Saa 8:20 mchana (kikao kilipangwa saa 8:00)

WALIOHUDHURIA
Bw. Optatus, Mwenyekiti, nyumba Na. 4
Bibi Romana, nyumba Na. 2
Bw. Enoka, fundi redio, nyumba Na. 5
Bw. Luhende, mfugaji, nyumba Na. 7
Bi. Katarina, nyumba Na. 9
Lucia Kalisti, nyumba Na. 9, Katibu wa muda

MGENI: Bw. Nathanael, karani wa ofisi ya maji

WASIOHUDHURIA
Bw. Kasimiri, Katibu, yuko Ikola kwenye dagaa (ametoa taarifa)
Bi. Specioza, nyumba Na. 11, yuko shambani Mpimbwe (hakutoa taarifa)

KUMB. NA. 1/98: KUFUNGUA KIKAO NA KUMPATA KATIBU

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Alieleza kwamba Katibu hayupo, na akapendekeza Lucia, binti wa Bi. Katarina, mwanafunzi wa kidato cha pili, aandike badala yake kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Bw. Luhende alipinga. Alisema nyumba Na. 9 itajadiliwa leo, na mtoto wa nyumba hiyo hawezi kushika kalamu. "Huwezi kumpa fisi bucha, halafu ukamwambia andika kilo." Bibi Romana alimtaka aache kumwita mtoto wa watu fisi. Bw. Luhende alisema hakumwita, alitoa mfano.

Mwenyekiti alimwuliza Lucia, Katibu wa muda, kama anaweza kuandika kila kitu kama kilivyosemwa, hata kikiwa kinamhusu. Katibu aliahidi. Bw. Luhende alisema ahadi hiyo nayo iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/98: NJIA BORA YA KULIPIA BILI KWA WANAOSAFIRI

Mwenyekiti alieleza kwamba dirisha la ofisi ya maji hufunguliwa siku mbili tu kwa wiki, na mvua zikikaribia nusu ya mtaa huwa mashambani, au Ikola, au kwenye malisho. Wakirudi wanakuta wamekatiwa maji. Aliomba njia ya kulipa bila mtu kusimama dirishani mwenyewe.

Bw. Luhende alisema mwaka jana alirudi na ng'ombe arobaini akakuta bomba lake limefungwa kwa waya, na ndama wawili walikufa wiki hiyo. Fedha ya bili alikuwa amemwachia Bi. Specioza. Aliongeza kwamba anashangaa kwa nini Bi. Specioza hajahudhuria. Mwenyekiti alimwomba asimjadili mtu asiyekuwepo. Bw. Luhende alisema hamjadili, anashangaa tu.

Zilitajwa njia tatu.

Ya kwanza, kumpa kondakta wa basi. Bibi Romana alisema kondakta aliwahi kumletea kuku kutoka Mpimbwe, likafika bawa moja tu. Njia hii haikuendelea kujadiliwa.

Ya pili ilitolewa na Bw. Enoka, aliyerudi kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita. Alieleza kwamba huko aliona duka lenye kompyuta zilizofungwa kwenye waya wa simu. Mtu anaandika barua na inafika Ulaya kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Alisema iko siku mtu atalipa bili ya maji na ya umeme kwa njia hiyo akiwa amelala kitandani kwake. Wajumbe walicheka. Bibi Romana aliuliza risiti atapewa na nani. Bw. Enoka alisema itatoka humo humo kwenye kompyuta. Bibi Romana alisema, "Mjukuu wangu, fedha isiyoshikwa na risiti isiyogongwa muhuri, huo ni wizi uliovaa suti." Bw. Enoka alikubali kwamba kwa Mpanda hata simu zenyewe ni za kusubiri, lakini aliomba wazo lake libaki kwenye kumbukumbu. Limebaki.

Ya tatu ni hawala ya posta, maarufu kama mani oda. Bw. Nathanael alieleza kwamba mtu aliye mbali huenda posta yoyote, hulipa fedha na ada, huandika jina lake na namba ya nyumba, na karatasi hufika ofisi ya maji. Kuna nafasi ndogo ya kuandika ujumbe. Bw. Luhende aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kujaribu, au watu wa mtaa huu ndio watakuwa ndama wa majaribio. Bw. Nathanael alijibu kwamba yuko mmoja tu, na ni wa mtaa huu huu.

Wajumbe waliuliza ni nani. Mwenyekiti alisema swali hilo linaingia kwenye ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 3/98: MALALAMIKO KUHUSU BILI YA NYUMBA NA. 9

Mwenyekiti alieleza kwamba kuna maneno mtaani. Bi. Katarina ni mjane tangu mwaka 1992, mume wake Kalisti Bartolomeo alipozama ziwani karibu na Ikola. Tangu hapo hajaonekana kwenye foleni ya kulipia maji, wala hajakatiwa. Leo asubuhi kanisani limesomwa tangazo la kwanza la ndoa kati ya Bi. Katarina na yeye Mwenyekiti. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba anamlipia kwa fedha ya kamati.

Bw. Luhende alisema wanaosema hivyo ni yeye, hakuna haja ya kuzunguka.

Bi. Katarina alieleza kwamba kila msoma mita akipita humwambia, "Mama, nyie mmeshalipiwa." Alidhani ofisi imewasamehe wajane. Hakuuliza, kwa kuwa aliogopa akiuliza watakumbuka kumdai.

Mwenyekiti alisema yeye ndiye aliyemwomba Bw. Nathanael aje na faili la nyumba Na. 9, ili jina lake lisafishwe mbele ya watu kabla ya tangazo la pili. Alimwomba afungue na kusoma.

Bw. Nathanael alisoma. Bili ya nyumba Na. 9 imelipwa kila robo mwaka, kuanzia Januari 1993 hadi Julai 1998, kwa hawala ishirini na tatu. Zote zimegongwa muhuri wa posta ya Kigoma. Jina la mtumaji: Kalisti Bartolomeo.

Mwenyekiti aliomba jina lisomwe tena. Lilisomwa tena.

 

Bibi Romana alisema hilo haliwezekani, kwa sababu alimnyoa mtoto huyu nywele za msiba kwa mikono yake mwenyewe. Alimnyooshea Katibu kidole. Bw. Enoka alikumbusha kwamba katika mtumbwi ule walikuwa wanaume wanne na ilipatikana miili mitatu. Bw. Luhende alisema mbuzi wa matanga alitoka kwake. "Mbuzi wangu alikufa kweli."

Mwenyekiti alimwuliza Bw. Nathanael kwa nini ofisi haikumwambia mtu. Bw. Nathanael alijibu kwamba ofisi huuliza kama fedha imefika, haiulizi kama aliyetuma yu hai. Aliongeza kwamba yeye alihamia Mpanda mwaka 1995 na hakumjua marehemu. Kisha alisema samahani kwa neno marehemu.

Bibi Romana alisema huenda ni mtu mwingine anayetumia jina hilo. Bi. Katarina aliomba aone karatasi. Alizishika kwa muda, akasema, "Angalieni hiyo tisa." Tisa ya mtumaji ina mkia uliopinda kama ndoana. Bi. Katarina alisema namba iliyo kwenye mlango wake aliipaka Kalisti mwenyewe. Wajumbe walitoka, wakavuka barabara na kulinganisha karatasi na mlango. Tisa ni ile ile.

Waliporudi, Mwenyekiti aliagiza ujumbe wa karatasi hizo usomwe. Kwenye ishirini na mbili umeandikwa hivi: "Ni ya maji ya nyumba Na. 9. Msiwakatie." Kwenye ya mwisho, ya Julai mwaka huu, umeandikwa: "Ni ya maji ya nyumba Na. 9. Msiwakatie. Nasikia binti yuko sekondari."

Katibu aliomba kikao kisimame kidogo. Kilisimama dakika kumi. Bibi Romana alileta maji ya kunywa.

KUMB. NA. 4/98: KUBADILISHANA KITI

Kikao kilipoendelea, Bw. Optatus alisema hawezi kuongoza mjadala huu. Alimkabidhi kiti Bw. Luhende. Bw. Luhende alisema hakutaka iwe hivi. Alisema pia kwamba anafuta maneno yake kuhusu fedha ya kamati, na kwamba aliyoyatafuta siyo haya.

Bi. Katarina aliomba kusema. Alisema, "Nilivaa kaniki mwaka mzima. Kila Novemba nimemwombea kwenye Misa ya marehemu. Kumbe mwenzangu yuko kwenye foleni ya posta." Kisha alimgeukia Bw. Optatus. "Baba, kesho nenda kwa Paroko. Mwambie tangazo la pili asilisome. Siyo kwamba sikutaki. Mimi ni mke wa mtu, na nimelijua leo, uani kwako."

Bw. Optatus alisema, "Nitakwenda."

Bw. Enoka alisema mwanaume anayemwacha mkewe amlilie msiba, halafu akalipia bomba, hajui anachotaka. Bibi Romana alimwambia anyamaze, hajaoa.

KUMB. NA. 5/98: MAAZIMIO

Mwenyekiti wa muda, Bw. Luhende, aliuliza kama kuna mwenye shaka tena juu ya hawala ya posta. Zimetumwa ishirini na tatu, zimefika ishirini na tatu. Wajumbe walikubali kwamba hakuna ushahidi unaozidi huo. Iliazimiwa kwamba kuanzia sasa kila anayesafiri alipe kwa hawala ya posta, aandike namba ya nyumba waziwazi, na karatasi zikaguliwe kila robo mwaka mbele ya kamati, majina yakisomwa kwa sauti.

Bi. Katarina aliomba bili ya nyumba Na. 9 ibadilishwe, iandikwe kwa jina lake, naye ataanza kulipa mwenyewe. Bibi Romana alipinga, akasema kwa desturi yetu jina la marehemu haliondolewi kwenye karatasi za nyumba, ni sawa na kumfukuza. Bi. Katarina alijibu, "Bibi, desturi hiyo ni ya marehemu." Bibi Romana alifikiri, akaondoa pingamizi lake. Iliazimiwa jina libadilishwe.

KUMB. NA. 6/98: MENGINEYO

Katibu aliomba ruhusa ya kuzungumza kama mtu wa nyumba Na. 9. Aliruhusiwa. Aliuliza kama hawala inaweza kwenda upande wa pili, kutoka Mpanda hadi kwa yule anayetuma.

Bw. Nathanael alisema inawezekana, kwa kuwa jina na posta vipo. Kwa tarehe za mihuri, mtumaji hufika dirishani wiki ya mwisho ya mwezi wa kulipia, na Oktoba ni mwezi wa kulipia. Karani wa posta akiliona jina lake atampa.

Bw. Luhende alisema itumwe hawala ndogo kabisa, na ihesabiwe kuwa ni jaribio la kamati. Alimwuliza Bi. Katarina kama anapinga.  Bi. Katarina alimwambia Katibu, "Andika. Lakini usiandike kwamba nimemsalimia."

Bw. Optatus alitoa fedha ya hawala na ada yake, akaomba asiandikwe kwenye kumbukumbu. Katibu amemwandika kwa sababu aliahidi kuandika kila kitu.

Ujumbe uliokubaliwa, ukasomwa kwa wajumbe na kuingia wote kwenye ile nafasi ndogo, ni huu: "Maji yanatoka. Niko kidato cha pili. Tisa yako bado ipo mlangoni. Lucia."

KUMB. NA. 7/98: KUFUNGA

Bw. Luhende alifunga kikao saa 11:05 jioni bila sala, kwa kuwa hakuna aliyejua aombee nini. Bibi Romana alisali peke yake, kwa sauti ya chini. Posta itafunguliwa kesho saa 2:00 asubuhi.

Optatus (sahihi)
MWENYEKITI, hadi KUMB. NA. 3/98

Luhende (alama ya dole gumba)
MWENYEKITI WA MUDA, kuanzia KUMB. NA. 4/98

Lucia Kalisti (sahihi)
KATIBU WA MUDA